Tulifunga kwa Sifa Zetu

Mpaka leo ukipita ufuoni kwetu utaambiwa kwamba siri zilivuja kwa sababu ya wanawake wasiosoma. Mimi niliishia darasa la nne kule Muhoroni, nikatolewa kwenda kupalilia miwa, kwa hiyo maneno hayo yananihusu. Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kanisani, na nimenyamaza vya kutosha. Sasa naandika. Kila aliyehusika nitamtaja kwa kiti alichokalia, maana huku kiti kinajulikana kuliko jina.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa ufuo. Kwetu boti ikifika, hapimiwi kwanza yule mwenye pesa, anapimiwa mwenye jaboya. Jaboya ni mvuvi au mwenye boti mliyepatana naye: yeye anakupa samaki, wewe unampa mwili, na bei ya samaki unalipa vilevile. Usipokuwa naye utasubiri mpaka jua likae kichwani, halafu utapewa wale wa mwisho ambao macho yameshaingia ndani. Desturi hii ilikuwapo kabla yake. Alichofanya yeye ni kuigeuza kuwa sheria. Alipanga ni mwanamke gani aende boti gani, na wale wageni aliwaanzia yeye mwenyewe. Aliyekataa, kibali chake cha kuuza kilipotea ofisini na hakikupatikana tena.

Sisi wauza samaki tisa tulichoka. Kukawa na mradi mmoja wa kutetea akina mama, ofisi yake iko Milimani mjini, na afisa wake, mwanamke mwenye gari lake, akaja kutukusanya kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuja na fundi wa programu, mwanamume wa makamo kidogo, mwembamba, miwani puani. Alikuja pia na mpwa wa mwenyekiti, mtu mzima mwenye saiba mjini, duka la kompyuta na intaneti, wa kutuwekea programu kwenye simu. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempendekeza, na afisa alikubali bila kuuliza. Hapo utaona mzigo ulivyoanza kuvuja kabla haujafungwa.

"Utasema mambo yako kwenye simu," afisa alituambia, "halafu utayafunga kwa maneno yako ya siri. Hakuna atakayesoma. Mimi siwezi, fundi hawezi. Siku ya kikao utayafungua mwenyewe mbele ya kamati ya malalamiko, na kamati itaona yalisemwa tarehe gani na kwamba hayajaguswa."

Tulisema mambo yetu, kila mmoja kwenye kona yake, wengine wamejifunika leso kichwani na simu ndani. Shida ilikuja kwenye kufunga, tulipojaribu kwanza kwa neno la mfano. Simu zetu ni zile za bei ya chini. Ukibonyeza, kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka, unaweza kumpara mbuta mzima magamba na bado kinazunguka. Wengine walibonyeza tena, wengine wakazima.

"Hii imekufa," mama mmoja alisema. "Hata mashine inamwogopa mwenyekiti."

Tulicheka. Afisa hakucheka, aliangalia saa. Kesho yake alikuwa na wageni wa kuja kuona kazi yake. Akamwambia fundi, "Punguza hicho kitu."

"Madam, huo uzito umewekwa kwa sababu."

"Sababu gani? Hawa ni akina mama wa samaki, si benki."

Fundi akainama kwenye kompyuta yake, akaandika kitu kifupi sana, mpwa akazunguka kwenye simu zetu tena. Safari hii ukibonyeza tu, tap, imefunga. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Sasa chagueni maneno yenu wenyewe, marefu kidogo," afisa alisema. "Si jina la mtoto, si mwaka wa kuzaliwa. Maneno ambayo hata ukiamshwa usingizini huwezi kuyasahau."

Kwa asiyetujua, nieleze. Mjaluo mzima ana maneno yake ya kujipaka sifa, tunaita pakruok. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye harambee, unatoa kitu kidogo, muziki unasimamishwa, unashika maikrofoni, unajipaka, watu wanashangilia, muziki unaendelea. Langu lilikuwa hili: Mimi moshi wa miwa, ukinifukuza mlangoni naingilia dirishani. Kwa Kijaluo linakwenda vizuri zaidi. Nilikuwa nalo tangu usichana. Watu wananiita hivyo njiani, "Moshi wa miwa, habari ya asubuhi." Maneno marefu, si jina la mtoto, si mwaka, na huwezi kuyasahau hata ukiamshwa. Ungechagua nini?

Hatukushauriana. Baadaye ndipo tulipojua kwamba wanane kati yetu tulifunga kwa sifa zetu.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja nilikuwa nachochea tanuri langu la kukaushia samaki, mwenyekiti akaja akasimama upande usio na moshi, mikono nyuma. Alikuwa na wanaume wawili.

"Moshi wa miwa," aliniita.

"Mwenyekiti."

"'Mimi nilianza kulazimishwa mwaka ule mume wangu alipozama,'" alisema, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani. "Umesema vizuri, nyar Muhoroni. Ila umesahau kusema kwamba mpaka leo unakula kwa boti yangu."

Yalikuwa maneno yangu, moja baada ya jingine. Sikuwa nimemwambia hata mama yangu. Kabla sijajibu, wale wawili walishika tanuri wakalivuta. Moto ulikuwa ndani. Wavu wa chuma ulianguka na samaki wake juu ya mkono wangu wa kushoto. Nilipona mimi, mkono haukupona wote, vidole viwili havikunjiki. Mwenyekiti alikuwa tayari ameshaondoka, anatembea taratibu, anasalimia watu.

Wiki hiyo aliwatembelea wengine. Kila mmoja alisomewa mstari wake wa kwanza, basi. Mmoja mmoja wakaenda kutia kidole gumba kwenye karatasi ya kufuta ushahidi. Mimi pia nilitia, nikiwa kwenye kitanda cha hospitali, mkono umefungwa bandeji. Hakuna aliyenishika kidole. Hilo ni langu, nami nimo kwenye orodha ya wenye makosa.

Akabaki mmoja. Ni mke wa mdogo wake marehemu mume wangu, tunamwita nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, kama mimi ninavyoitwa nyar Muhoroni. Mumewe anafanya kazi mbali, anakuja Krismasi. Ni mwanamke asiye na maneno, ukimsalimia anajibu kwa kichwa. Mwenyekiti hakwenda kwake, na alipopita mbele ya mlango wake alipita akiangalia ziwa. Kikao cha kamati kilikuwa Ijumaa. Kukiwa na ushahidi hata mmoja ambao haujafutwa, kamati ingekaa. Usipokuwapo hata mmoja, faili ingefungwa.

Nilimwuliza shemeji yangu huyo alichosema kwenye simu.

"Yangu ina siku," alinijibu. "Ina saa. Na ina shati alilolisahau."

Nikaelewa. Sisi tulikuwa na malalamiko, yeye alikuwa na shati. Na yuko peke yake kwenye ile nyumba ya mabati, kufuli ya mlango ni ya kitoto. Wakifungua maneno yake kabla ya Ijumaa, shati lingetafutwa mpaka lipatikane, na tanuri la kumwangushia halikosekani.

Jumatano nikaenda Mamboleo kumtafuta fundi. Alikuwa amepanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, huko chini malori yanapakia saruji. Alinifungulia, akaona mkono wangu, akatafuta mahali pa kuangalia.

"Karibu mama."

"Sikuja kukaa. Nataka kujua umemuuzia nani ufunguo."

"Sijauza. Ufunguo sina, mama. Sikuwahi kuwa nao."

Alivuta kiti, akageuza kompyuta niione. Alinieleza, na nitaandika nilivyoelewa, mwenye kujua anisamehe. Fundi mzuri hachongi kufuli yake mwenyewe. Kila lugha ya kompyuta ina maktaba zake, yaani kazi ambazo wengine wameshazifanya, wewe unachukua. Hii ya kufungia siri ilitengenezwa na watu waliosomea hesabu hizo tu, na kwa miaka watu wengine wamekaa kuipiga nyundo watafute ufa. Hawajaupata.

"Kwa hiyo kufuli ni nzima," nilisema.

"Kufuli ni nzima. Mpwa wa mwenyekiti alinakili maneno yenu yote yaliyofungwa siku ile ile, hilo nimeliona jana. Lakini kunakili si kitu. Bila ufunguo ni takataka."

"Sasa ilikuwaje takataka ikasomwa kwenye tanuri langu?"

Alinionyesha mstari mmoja. Maneno ya mtu, alisema, si ufunguo bado. Maktaba inayachukua inayakoroga, mara nyingi mno, ndipo yanakuwa ufunguo. Mizunguko hiyo ndiyo ile iliyochelewesha simu zetu. Inamchelewesha mwenye haki mara moja tu, lakini mwizi anayebahatisha inamchelewesha kila anapobahatisha. Maelezo ya maktaba yanasema idadi ya mizunguko iwe kubwa, na chini yake kuna onyo, limewekwa kwenye kiboksi.

"Na wewe uliweka ngapi?"

Akasema, "Moja."

Nilikausha samaki miaka ishirini. Mbuta unamgeuza, unampumzisha, unamrudisha, siku tatu, na mteja wa mbali anamla akiwa mzima. Ukimpitisha moshi mara moja, kwa nje ni mwekundu vilevile, lakini ukimfungua kesho yake ana funza. Huyu alijua. Alisoma onyo, akapitisha mara moja, akatuuzia.

"Afisa alisema punguza," alisema.

"Afisa hajui. Wewe ulijua."

"Na nyinyi, mama, mliweka maneno ya pakruok. Emsii wa pale ufuoni, yule mwendesha sherehe, anarekodi kila shughuli, anauza kwenye memori kadi. Mpwa alihitaji tu kukaa, kusikiliza, kuandika orodha. Kwa namba niliyoweka, anaijaribu orodha yote kabla chai yake haijapoa."

"Na kama ungeiacha kubwa?"

Alifikiri. Hapo nilimheshimu kidogo, maana angeweza kunidanganya. "Kwa maneno yanayojulikana ufuo mzima, asingezuiwa. Angechelewa tu."

"Mpaka Ijumaa?"

Akairudisha kompyuta upande wake.

"Wewe ni Mjaluo," nilimwambia. "Ulikuwa ukumbini. Ulisikia tunaambiwa tuchague maneno marefu tusiyoweza kusahau. Hukujua tutachagua nini? Na hii kompyuta yako, unaifungua kwa maneno gani?"

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati. Aliipangusa muda mrefu. Basi, nikajua na yeye anafunga kwa sifa zake.

Nilimwuliza kama anaweza kubadilisha maneno ya nyar Nyakach leo hii. Akasema haiwezekani bila mwenyewe kuwapo, na hata ikiwezekana haisaidii, maana nakala iliyofungwa kwa maneno ya kwanza tayari iko kwa mpwa. "Hawajamfungua kwa sababu hayumo kwenye memori kadi," alisema. "Amewahi kujipaka hapo?"

Hajawahi. Tangu aolewe kwetu hajawahi kushika maikrofoni. Sifa zake za usichana zilibaki Nyakach.

Simu yangu ikalia hapo hapo. Jirani yangu. Alikuwa anapiga kelele juu ya muziki: njoo ule, kuna harambee ya ghafla ya bati za banda la kupimia, mwenyekiti amechinja, emsii amekuja na spika zote. "Na wamemketisha shemeji yako mbele kabisa," alisema, "kama bibi harusi."

Nikampigia nyar Nyakach. Iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Simu yake huwa anaiacha nyumbani kwenye chaji.

Nilishuka ngazi nikachukua boda. Kutoka Mamboleo mpaka kwetu ni mwendo, na malori ya miwa yalikuwa yamejaa barabara, yanatembea kama yanakwenda kuzika. Nilimwambia mwenye pikipiki apite kando. "Mama, unataka tufe?" aliuliza. Nikamwambia mimi nilishaanza kufa mwezi uliopita, aendelee tu. Mkono ulikuwa unapigwa na upepo unawaka. Nilikuwa nasema moyoni: usijipake, usijipake, usijipake.

Nilipofika muziki ulikuwa umesimama. Hiyo ndiyo ishara kwamba mtu ameitwa. Niliona mwenyekiti kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa, na nyuma ya spika niliona mpwa, kompyuta mapajani, amekaa juu ya kreti ya soda.

"Leo," emsii alikuwa anasema, "tuna shemeji yetu mmoja. Ameolewa hapa miaka mingapi, hatujui hata anajiitaje. Jamani, mwanamke asiye na sifa si ni kama chai bila majani? Mwenyekiti ameshamlipia. Ni yeye tu aje."

Watu walicheka, wakaanza kumpigia makofi ya kumwita. Kukataa mbele ya watu, umelipiwa, ni kumtukana aliyekulipia. Nilisukuma watu. Mmoja wa wale wawili wa tanuri akanishika, na alinishika mkono ule ule, juu ya bandeji, kwa vidole vitatu tu. Niliona nyar Nyakach anasimama, anajifunga leso vizuri kiunoni, anachukua maikrofoni.

"Mimi jiwe la kusagia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, spika ndizo zilizoikuza. "Wanasaga juu yangu, unga wanakula wao, jiwe linabaki."

Wanawake walishangilia, wengine walisimama. Mimi niliangalia nyuma ya spika. Mpwa aliandika. Akangoja. Akaandika tena, labda kwa herufi kubwa, labda bila nafasi. Mwenyekiti alikuwa amegeuza shingo anamwangalia. Mpwa akatikisa kichwa.

Emsii akapokea ishara. "Rudia, shemeji, rudia. Spika ilikoroma. Sasa kwa Kijaluo, tamu kabisa."

Alirudia kwa Kijaluo, neno, anapumzika, neno, kama mwalimu anayewasomea watoto imla. Na alikuwa anamtazama mpwa. Hapo nikajua kwamba anajua. Mpwa aliandika mpaka jasho likamtoka. Alijaribu, akajaribu. Halafu akafunga kompyuta, akaiweka chini, akawa anaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti aliondoka kabla nyama haijagawanywa. Nilimwona usoni alipopita karibu yangu. Kwetu sisi wanane alikuja akiwa ameshasoma, anajua pa kugonga. Huyu hakujua kama ametajwa yeye, au mwenye boti fulani, au shati. Mtu wa namna ile asiyejua anaogopa. Alhamisi nilihamia kwa nyar Nyakach na panga, na hakuna aliyekuja.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa chifu. Fundi alikuwapo na kompyuta yake. Afisa alikuwapo, amevaa vizuri, hakuja kunisalimia. Mwenyekiti alikaa hatua tano kutoka kwetu, na emsii pembeni yake. Tulipewa simu. Nyar Nyakach akaniambia nimkinge kwa leso watu wasione, na nimwangalizie herufi asikosee.

Ndiyo nikayasoma maneno yake. Hayakuwa sifa. Yalikuwa maneno ambayo mwenyekiti alimwambia siku ile, akiwa mlangoni anavaa viatu, kabla ya kutoka bila shati. Kabla hajamaliza kuandika nilijua mwisho wake, maana mimi pia alishawahi kuniambia ya aina hiyo, akiwa mlangoni, na nilikuwa nimefanya kazi kubwa kuyasahau.

Niliinua macho. Yule mtu alikuwa pale pale. Wiki nzima alitafuta ufunguo kwenye memori kadi, akachinja mbuzi, akakodi spika, na ufunguo ulitoka kinywani mwake.

Ikafunguka. Kiongozi wa kamati akasoma kwa sauti: siku, saa, shati. Shati lenyewe likatolewa kwenye mfuko wa nailoni, limekunjwa, limepigwa pasi. Sijui kwa nini alilipiga pasi. Hakuna aliyecheka.

Tulipotoka nilimwuliza, "Hukuogopa? Duniani ni yeye tu mwingine anayeyajua."

"Hayajui, nyar Muhoroni," alinijibu. "Aliyasema tu."

Mwenyekiti alivuliwa kiti, na kesi yake bado inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Mpwa bado ana saiba mjini, na emsii yule yule ndiye aliyeshika maikrofoni kwenye harusi ya Jumamosi iliyopita. Afisa alipandishwa cheo akahamishwa. Fundi alirudisha ile namba ikawa kubwa kama kitabu kinavyotaka, akanipigia kunieleza, nikamwambia asante, nikakata. Simu zetu sasa zinachelewa kufunga. Hakuna anayelalamika.

Mimi nilijenga tanuri jipya na nalichochea kwa mkono mmoja. Watu bado wananiita Moshi wa miwa, siwezi kuwakataza. Wengine huniuliza yule shemeji yangu alifunga kwa maneno gani, kwa kuwa kesi ilishasomwa na siri haipo tena. Nawaambia siyakumbuki. Nayakumbuka yote. Lakini simu yake bado inafunguka kwa hayo.